Chupa ya Kwanza ya Devotha

Jumamosi, 12 Julai 2025

Imetoka! Irine amepiga simu saa moja asubuhi, nikiwa katikati ya kukamua. Nikaweka ndoo chini nipokee, ng'ombe akaipiga teke. Yamwagike! Chupa ya kwanza imetoka. Jin, pombe kali ya matunda ya mwangati — mwangati wetu, ile miti mitatu ya mpakani mwa shamba. Na jina lake alinificha miezi yote hii. Jina lake ni Devotha.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Ni jina la Mama, Baba, akasema. Lipo kwenye lebo, na picha yake nimeichora mwenyewe.

Nilikaa kwenye kigoda mpaka ng'ombe akageuza shingo kunitazama.

Niandike sawasawa, maana nikiisoma siku hii mwakani nitataka kuielewa. Mke wangu ana miezi kumi na minne tangu atutoke. Irine, mwanetu wa pekee, aliacha kazi ya duka la watu Dar es Salaam akaja kumuuguza, na baada ya mazishi hakurudi. Akapanga chumba Same mjini, akahangaikia vibali mpaka vikakamilika, akapata mtambo mdogo wa shaba wa kukeneka, yaani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake. Akamchukua Loth, baba wa familia wa Makanya, aliyefanya kazi hiyo miaka kumi huko Moshi. Mimi kazi yangu ilikuwa matunda. Nilichuma mwezi wa tatu, nikayakausha, nikapeleka debe zima.

Jumamosi ijayo anakuja mama mmoja mwenye hoteli Arusha kuionja. Akiipenda, atachukua kila kitakachotoka. Asipoipenda, Irine anafunga chumba na kurudi Dar. Alilisema hilo bila kulia, kwa hiyo najua ni kweli.

Ila yeye mwenyewe hawezi kuionja. Ana mafua ya vumbi la Same, wiki ya pili, hanusi hata kitunguu kikiungua. Basi akaniambia: Baba, wewe ndiye wa kwanza. Niambie ukweli.

Mimi! Devotha alikuwa haniulizi kama mboga imekolea chumvi. Alisema ni afadhali amwulize paka, paka angalau huondoka.

Nimekubali. Nina furaha kama mtoto wa kipaimara.


Jumapili, 13 Julai

Misa. Sikusikia mahubiri hata neno.

Nimemwambia Mama Esta, jirani yangu. Yeye ni Mlutheri, lakini kabla magoti hayajamchoka alipika dengelua miaka arobaini, na pombe yake ya miwa iliwahi kufuatwa na watu kutoka Myamba kwa miguu. Akasema atakuja kuamua. Jin ni nini, nikamwuliza kwa kumchokoza. Akasema ni dengelua iliyokwenda shule.

Nimeosha glasi tatu. Yangu na ya Mama Esta. Ya tatu, ya Devotha — mazoea tu.


Jumatatu, 14 Julai

Omari, dereva wa gari la abiria la Same, ameileta! Gari lake lilipiga honi kuanzia kwenye kona ya kanisa. Alikuwa amekifunga kifurushi mkanda kwenye kiti cha mbele, abiria wote wakakaa nyuma.

"Shikamoo mzee," akasema. "Nimemleta mama. Hakulalamikia barabara hata mara moja."

Nilicheka mpaka nikashika mlango wa gari. Kweli Devotha alikuwa hailaumu ile barabara. Alisema aliifukia kwa mikono yake kwenye msaragambo, siku ambazo kijiji kizima kilitoka na majembe, na mtu halaumu kazi yake. Nikamkaribisha Omari chai. Akasema chai ndiyo, hicho kingine yeye ni mchukuzi tu, Mungu anamwona.

Nimefungua gazeti la kifurushi polepole. Chupa ndefu, kioo cheupe. Lebo ya rangi ya krimu. Jina kwa herufi kubwa, na chini yake mwanamke mwenye kilemba ameangalia pembeni. Ndivyo alivyokuwa akiangalia pembeni! Kila picha. Mpiga picha akihesabu moja, mbili, yeye anakumbuka sufuria iko motoni.

Imekaa mezani. Sijaifungua. Mama Esta anakuja kesho saa nne.


Jumanne, 15 Julai

Sijui nianzie wapi. Nianze na mwanzo.

Mama Esta alifika saa nne kasoro, amevaa kitenge cha sherehe. Irine alikuwa ameandika maagizo kwenye meseji: nuseni kwanza, kisha onjeni tupu, kisha na maji kidogo, mwisho na soda ya toniki na kipande cha ndimu. Toniki aliituma pamoja na chupa. Nikaweka simu katikati ya meza tuifuate kama kitabu cha sala.

Rangi — haina lawama. Maji ya chemchemi. Niliinua glasi dirishani nikauona mlima wote ndani yake, umepinduka.

Mama Esta akamimina matone kwenye kiganja, akasugua, akapuliza. Akasema kileo ni safi, hakuna udanganyifu. Akamimina kijiko, akaomba kibiriti. Moto wa buluu! Akainamisha kichwa kwa heshima. Huyo Loth, akasema, anajua kazi.

Nikanusa.

Nilitegemea mwangati. Harufu ya penseli mpya. Devotha alikuwa akimchongea Irine penseli kwa kisu, yale maganda hayatupi, anayatia kwenye sanduku la nguo nondo wasiingie. Mpaka leo mashati yangu yana harufu ya darasa la kwanza.

Haikuwepo. Palikuwa na kitu kikavu, kizito, kimekaa mlangoni hakipishi. Nikasema labda pua yangu imezeeka. Nikaonja.

Eh. Kwanza ni tamu kidogo kwenye ncha ya ulimi, unapata matumaini. Halafu inaingia uchungu. Halafu ukakasi, kama umelamba mwiko uliosahauliwa kwenye sufuria. Na huo mwisho hauishi! Nilimeza mate mara tano bado upo. Tukatia maji — ikawa dhaifu na bado chungu. Tukatia toniki na ndimu. Hapo ndipo ilipoharibika kabisa. Ndimu ilikwenda upande wake, toniki upande wake, na katikati wakauacha moshi.

Ndiyo. Moshi. Mama Esta ndiye aliyelitamka. Akaweka glasi chini akaisukuma mbali kwa kidole kimoja.

"Baba Irine, haya ni maji ya kuoshea chungu."

Nikamwambia pengine inahitaji kuzoeleka. Akasema hata maumivu ya jino huzoeleka.

Na hapohapo simu ikalia mezani. Irine. Sauti imeziba kwa mafua, lakini nilisikia jinsi alivyoshika pumzi. Vipi, Baba?

Niliiangalia ile lebo.

"Nzuri," nikasema. "Nzuri sana, mwanangu."

Alipiga kelele za furaha hadi nikaondoa simu sikioni. Akamwita Loth amwambie. Nikakata nikisema ng'ombe ananiita.

Mama Esta alikuwa akinitazama. Akasema siku ya mazishi ya Devotha nilimwambia mchimba kaburi kwamba kaburi ni zuri. Akasema alinisamehe kwa sababu ya siku yenyewe. Leo si siku ile.

Akajifunga kitenge chake akaondoka. Glasi yake ameiacha imejaa.


Jumatano, 16 Julai

Asubuhi nimeonja tena. Nilitaka kuikuta imebadilika.

Meseji ya Irine, saa tano: "Loth anasema anasikia moshi. Nimemwambia Baba hajausikia, na Baba amekulia chini ya mwangati."

Nimeandika jibu refu. Nimelifuta. Nimetuma "Sawa".


Alhamisi, 17 Julai

Nimeipata!

Mama Esta alikuja kuomba mbegu ya maharage, ananisemesha kwa ufupi kama mtu anayelipia kila neno. Mbegu ziko darini, juu ya jiko, pale Devotha alipoweka kila kitu asichotaka kiliwe na wadudu. Nikapanda ngazi. Nikaingiza kichwa.

Chupa! Harufu ya chupa nzima ilikuwa mle! Uchungu, ukakasi, ule mwiko — nilikuwa nimesimama kwenye ngazi kichwa changu kikiwa ndani ya glasi ya Jumanne. Na mbele ya pua yangu, ungo. Ungo wangu. Matunda mawili ya mwangati yamenasa kwenye ukingo, meusi kama kinyesi cha mbuzi.

Irine alikuwa ameniambia wazi: Baba, yakaushe mahali pakavu, pasipo jua. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua haikatiki, ukungu unaingia mpaka chini ya kitanda. Hapa kijijini Mhezi ni wapi pakavu pasipo jua, kama si juu ya jiko? Yakakaa wiki tatu. Kila chakula nilichopika niliyafukiza. Na nilikuwa nayageuza kila siku, kwa uangalifu, kwa mkono wangu!

Nimeshuka na ungo. Mama Esta alidhani nimeumwa na nyigu. Nikampa anuse. Akanusa, akaniangalia, akanusa tena. Halafu akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukacheka hadi akakaa kwenye gunia la mahindi. Miaka arobaini ya kupika, akasema, na sikuijua harufu ya jiko la mwenzangu.

Kisha tukaenda mpakani. Mwangati hauna haraka, tawi moja lina tunda bichi na bivu. Nikachuma moja lililoiva, la buluu, lina unga mweupe juu kama limepakwa majivu. Nikalipasua kwa ukucha.

Lo! Penseli. Na nyuma ya penseli, ganda la chungwa. Na nyuma yake kitu baridi kama asubuhi yenyewe. Mama Esta akalichukua, akafumba macho. Hili, akasema. Hili ndilo walipaswa kutia.

Kwa hiyo jin haijafa! Mtambo ni mzima, kileo ni safi, Loth anajua kazi. Ni matunda tu. Ni mimi tu!

Nikakimbilia simu. Nimeandika "nikakimbilia" na kweli nilikimbia, na umri huu.

Irine akaanza yeye. Sauti imefunguka kidogo, mafua yanamwachia. Leo ameunusa moshi. Chupa zote hamsini. Amempa hata jirani, fundi cherehani, naye ameusikia. Lakini ya kwako, Baba, ilikuwa nzuri. Kwa hiyo ameelewa kilichotokea: chupa yangu ilitoka kwanza, ikawa safi, na baada yake Loth akaunguza mtambo akanyamaza. Amemwuliza. Loth akasema hajui, lakini kama mtambo umeungua basi ni yeye, maana hakuna mwingine anayeugusa. Amemwambia asafishe vyombo aende kwao Makanya.

Mtu ana mke na watoto. Na aliusema moshi tangu jana, wa kwanza, kwa mdomo wake.

Na mimi nikasema —

Hapana. Sikusema. Mtandao ulikuwepo, chaji ilikuwepo. Nilisema kesho ninakuja Same. Akafurahi. Akasema ni vizuri Baba awepo.

Mama Esta alikuwa amesimama mlangoni. Hakunisema. Alisema tu kwamba alfajiri atakuja na kikapu, maana peke yangu sitachuma ya kutosha.


Ijumaa, 18 Julai — Same

Naandika kwenye chumba cha mtambo, jioni. Mikono yangu inanuka mwangati, sitaki kunawa.

Kwa utaratibu. Tumechuma tangu kulipopambazuka, kikapu kikajaa hadi shingoni. Omari akauliza leo nabeba nini. Nikamwambia nabeba makosa yangu. Akasema basi nikae mbele, makosa ya watu wazima hayabanwi na mizigo.

Joto la Same lilinipokea stendi. Na kwenye kivuli cha kibanda cha tiketi, mtu na begi. Nilimjua kwa picha tu. Loth. Ananisubiri? La, anasubiri basi la Makanya. Akanisalimia shikamoo, akataka kunipokea kikapu — mtu aliyefukuzwa kwa sababu yangu! — na alipokishika harufu ikamfikia. Akachukua tunda moja akalipasua. Akakaa juu ya begi lake.

"Mzee, kumbe ndiyo haya?" akasema. "Yale yalikuwa meusi kama mkaa. Nilidhani huko kwenu milimani yanazaliwa hivyo."

Nikamweleza yote, pale stendi, watu wakipita. Dari. Ungo. Na simu ya Jumanne. Kwake ukweli ulitoka kirahisi, sijui kwa nini. Aliniacha nimalize. Akasema jambo moja: kwamba jana usiku mke wake alimwuliza kwenye simu kama ni kweli ameunguza, akajibu hajui, na kutojua ndiko kulikomuuma.

Tukaenda pamoja. Basi lake likaondoka.

Irine alikuwa anabandika lebo kwenye chupa ya mwisho. Ameniona, amemwona Loth nyuma yangu, ameona kikapu. Nikasema. Sikupamba.

"Kwa hiyo moshi uliusikia."

"Niliusikia."

"Jumanne."

"Jumanne, mwanangu."

Akafunga gundi kifuniko chake. Akasema, bila kupandisha sauti, "Mama angeniambia kabla hajameza."

Ni kweli.

Alitoka akaenda kunawa uso bombani. Aliporudi alimwita Loth kaka, akamwomba radhi mbele yangu, na Loth akasema tuwashe mtambo, saa zinakwenda.

Siwezi kuieleza hii saa ya jioni! Loth ameponda kidogo kidogo, akaonja, akatupa, akaponda tena. Matone ya kwanza aliyamwaga, akasema hayo si ya kunywa. Halafu akaweka glasi ndogo chini ya mrija, na chumba kizima kikawa darasa la kwanza. Fundi cherehani akaja kuuliza ni nini. Irine akanusa — pua imefunguka kabisa — akaweka mkono kifuani. Loth anasema bado ni changa, ina makali, inahitaji majuma ya kutulia. Lakini ipo! Chupa moja ndogo, haina jina.

Kisha tukabandua lebo za zile hamsini kwa maji ya moto, sisi watatu. Hamsini za Devotha akiangalia pembeni. Irine amekataa zikae kwenye moshi. Moja ilichanika kidogo kwenye kilemba. Nimeiweka humu ndani ya daftari.

Nilidhani basi kesho tutamwonyesha mgeni ile ndogo peke yake. Irine akasema hapana. Mgeni anajua kuna chupa hamsini, ameahidiwa hamsini. Ataziweka glasi mbili, ya moshi na ya leo. Na akiuliza ya kwanza ina nini, hatajibu yeye wala Loth.

Akaniangalia. Nikaelewa.


Jumamosi, 19 Julai — Same, saa nne na robo

Amefika. Gari jeupe, miwani, viatu vya kutembelea milimani. Mama wa makamo, mpole kuliko nilivyoogopa. Alinishika mkono akanipa pole ya mke wangu — Irine amemsimulia — na akauliza kama ndiye yule wa kwenye lebo aliyotumiwa kwenye simu. Nikasema ndiye.

Wameingia. Mimi na Loth tuko kwenye benchi nje, pembeni ya cherehani za jirani. Nasikia glasi. Ananusa.

Si hofu tupu niliyo nayo. Ninataka aifikie ile ya pili! Ninataka kuuona uso wake! Kama si adabu ningechungulia dirishani.

Loth anasema nisihangaike na maneno mengi. Niseme neno moja: mbaya. Nisiseme haikukaa sawa, nisiseme inahitaji kuzoeleka. Mbaya, moshi, ni mimi niliyekausha. Basi.

Nimejaribu hapa benchini. Mara ya kwanza nimesema mbaya kidogo. Loth akatikisa kichwa. Mara ya pili nikasema si nzuri sana. Fundi cherehani akasimamisha cherehani yake acheke.

Mara ya tatu limetoka peke yake, lakini kwa kunong'ona. Sema kwa sauti, mzee, anasema Loth, yule mama amekaa mbali.

Mlango. Irine amesimama, ana glasi ya moshi mkononi. Anasema, Baba, mgeni ameuliza —